Fomu, Lahajedwali na Mwamuzi wa Nje: Historia ya Kujaribu Msimbo wa Kugeuza Mafaili

Programu inayogeuza faili la aina moja kuwa la aina nyingine mara nyingi haifanyi kazi hiyo peke yake. Huandaa faili, huita programu nyingine iliyoandikwa na watu wengine, huisubiri, kisha husoma jibu lake. Kuujaribu msimbo wa namna hiyo ni kazi yenye utata, kwa sababu nusu ya matokeo iko nje ya mikono ya mwenye msimbo. Ufundi wa kuutatua utata huo una historia fupi. Sehemu yake muhimu imepita Kenya, Uganda, Tanzania na mashariki mwa Kongo, huko ambako fomu za takwimu zilitoka kwenye karatasi na kuingia katika simu.

Lubutu ni mahali ambapo ubora wa kazi hiyo huonekana bila kificho. Mji huu wa kaskazini mwa Maniema uko kwenye barabara ya taifa namba 3, inayotoka Kisangani na kupita Walikale hadi Bukavu. Kindu, makao makuu ya mkoa, iko mbali upande wa kusini, ng'ambo ya misitu ya Punia. Namba inayoandikwa na muuguzi katika kituo cha afya cha kijijini hupitia ofisi ya zoni ya afya, ya Lubutu au ya Obokote, ndipo ifike kwenye Divisheni ya Afya ya Mkoa huko Kindu, na kutoka hapo Kinshasa. Fomu ikiwa na kasoro, kosa hilo haligunduliwi mezani pa aliyeitengeneza. Linagunduliwa mwisho wa njia, na mtu ambaye hana uwezo wa kulirekebisha.

Kwa muda mrefu mgeuzaji alikuwa karani. Sensa ya mwisho ya taifa zima, ya mwaka 1984, ilifanywa kwa karatasi, na tangu hapo hesabu za watu wa Kongo zimekuwa makadirio juu ya makadirio. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi wa Kirwanda waliokuwa wakikimbia vita waliweka kambi Tingi-Tingi, jirani na Lubutu, wakakaa huko hadi mwishoni mwa Februari 1997. Idadi yao nayo ilibaki makadirio. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliingia kusaidia hospitali ya Lubutu na vituo vya jirani. Kila kitanda, kila uzazi na kila kifo kikahitaji kuandikwa daftarini, kisha kuhamishiwa kwenye kompyuta.

Uhamishaji huo ulikuwa na jaribio lake tangu zamani. Watu wawili waliingiza karatasi zilezile mara mbili, kila mmoja peke yake, na kompyuta ikalinganisha mafaili mawili. Palipotofautiana, mmoja wao alikuwa amekosea, na karatasi ilifukuliwa. Kuenea kwa Epi Info, programu iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kulifanya kazi za kuingiza na kuchambua takwimu za afya ziwezekane kwenye kompyuta ndogo za ofisini. Kuingiza mara mbili kuligharimu muda na mishahara. Hata hivyo lilikuwa jaribio la kweli: lilipima matokeo, halikupima nia ya karani. Wasanidi wa programu walichukua miaka mingi kufika pale walipokuwa makarani hao.

Upande wa pili wa historia hii unaanzia kwenye maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1973 Ken Thompson, akisukumwa na Doug McIlroy, aliingiza katika mfumo wa Unix njia ya kuunganisha programu moja na nyingine, tokeo la ya kwanza likawa chakula cha ya pili. Mfumo huo uliacha kanuni ambazo bado zinatawala. Programu ina njia moja ya kutolea matokeo na njia nyingine ya kutolea malalamiko. Ikimaliza, huacha namba: sufuri ikiwa imefaulu, namba nyingine ikiwa imeshindwa. Programu inayoita chombo cha nje haina habari nyingine za uhakika zaidi ya hizo, pamoja na faili lililoachwa, kama lipo.

Kanuni hizo zilizaa vyombo ambavyo leo tovuti nyingi zinaviegemea kwa siri. Ghostscript, ya kusoma na kutoa PostScript na PDF, ilianzishwa na L. Peter Deutsch mwaka 1988. ImageMagick, ya kugeuza picha, ilitolewa na John Cristy mwaka 1990. FFmpeg, ya sauti na video, iliasisiwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na pandoc, ya hati, ililetwa na John MacFarlane mwaka 2006. Aliyehitaji kugeuza faili hakuwa na haja ya kuandika mgeuzaji mpya. Aliandika mistari michache ya kumwita aliyekwisha kuandikwa, na mistari hiyo michache, kwa kuwa ilionekana myepesi, mara nyingi haikujaribiwa kabisa.

Majaribio ya vipande, yaani yale yanayopima kazi moja ndogo ya msimbo na kutoa jibu la ndiyo au hapana bila mtu kusoma matokeo, yalipata umbo lake kwa Kent Beck. Makala yake ya mwaka 1994 ilieleza namna ya kuyaandika katika lugha ya Smalltalk. Mwaka 1997, akiwa ndegeni na Erich Gamma kutoka Zurich kwenda Atlanta, aliandika JUnit kwa ajili ya Java. Python ilipata ya kwake, iliyotungwa na Steve Purcell, na ikaingizwa ndani ya lugha yenyewe mwaka 2001 kwa jina la unittest.

Tangu hapo pakazuka ubishi ambao haujaisha: ni kitu gani hasa kinastahili kuitwa jaribio la kipande? Michael Feathers, aliyetoa kitabu mashuhuri mwaka 2004 kuhusu kufanya kazi na msimbo wa zamani, aliweka mwaka uliofuata kanuni kali. Jaribio linalogusa hifadhidata, mtandao au mafaili ya diski, au linalohitaji mazingira yapangwe kwa namna maalumu, si jaribio la kipande. Kwa kanuni hiyo, msimbo wa kugeuza mafaili kwa chombo cha nje unavunja zaidi ya kifungu kimoja. Unasoma diski, unaandika diski, unaanzisha programu nyingine na unadai programu hiyo iwe imewekwa. Aliyezifuata kanuni kwa herufi zake alibaki na njia mbili tu: asiujaribu msimbo huo, au afanye kana kwamba chombo kipo.

Njia ya pili ilikuwa imeshapata jina. Mwaka 2000 Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza matumizi ya viigizi, yaani vitu vya bandia vinavyosimama mahali pa vile halisi wakati wa majaribio. Badala ya kuita chombo, msimbo huita kiigizi, nacho hurudisha namba na maneno yaliyoandaliwa. Jaribio huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde na halihitaji kitu chochote kiwekwe. Ubaya wake ni mmoja tu, nao si mdogo: kiigizi husema kile ambacho mwandishi wake anaamini kuwa chombo kingesema. Akiwa amekosea kuhusu chombo, jaribio litakubaliana na kosa lake kila siku, kwa uaminifu mkubwa.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kwa mlango wa utafiti wa afya. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wa Eldoret, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na washirika kutoka Indiana, ulikuwa ukipeleka wahudumu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya ushauri na upimaji wa VVU. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Washington kilianza Open Data Kit, au ODK, chini ya Profesa Gaetano Borriello, na wasanidi wake walikuwemo Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette. Watumiaji wa mwanzo walikuwa AMPATH yenyewe, Grameen Foundation nchini Uganda na Taasisi ya Jane Goodall nchini Tanzania, iliyofuatilia misitu. Simu ya Android ilichukua nafasi ya karatasi, na pia ya vile vikompyuta vya mkononi vilivyotangulia.

Kando ya hao, Patrick Vinck na Phuong Pham walikuwa wakiuliza watu maoni yao kuhusu vita, haki na amani. Walianzia kaskazini mwa Uganda katikati ya miaka ya 2000, wakaendelea hadi mashariki mwa Kongo. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008 uliwahoji watu 2,620 katika Ituri na Kivu mbili. Kutokana na kazi hizo kukatoka KoBo, ambayo baadaye, ikiwa KoboToolbox, ilikuja kuwa chombo cha kawaida cha mashirika ya misaada. Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoitumia sana.

Mifumo yote hii ilirithi aina moja ya faili, XForms, kiwango kilichopitishwa na shirika la W3C mwaka 2003. Ni XML yenye mabano ya pembe kila upande, na swali moja huandikwa sehemu tatu tofauti: mahali pa jibu, masharti ya jibu na maneno ya kumwonyesha mhojaji. Mtu wa takwimu katika zoni ya afya hawezi kutarajiwa kuliandika kwa mkono, na msanidi aliyebobea hulikosea pia. Ndipo katika Chuo Kikuu cha Columbia, kwenye maabara ya uhandisi endelevu, ukatungwa mtindo wa kuandika fomu kwenye lahajedwali la kawaida. Ukurasa mmoja huitwa survey na una safu za aina ya swali, jina na maneno yake. Ukurasa wa pili una orodha za majibu. Mtindo huo ndio XLSForm, na programu ya Python inayougeuza kuwa XForm inaitwa pyxform. Hadi mwaka 2018 iliangaliwa zaidi na Ona, kampuni yenye wasanidi wake Nairobi, kisha ikapita mikononi mwa timu ya ODK.

Kwa historia ya majaribio, pyxform ni mfano mzuri kuliko mingi inayotajwa vitabuni. Inageuza faili, na haijiamini. Ikimaliza kutengeneza XForm huiita ODK Validate, programu ya Java inayoisoma fomu kwa injini ileile ya JavaRosa inayotumiwa na simu, na kutoa hukumu. Python inaandika, Java inaamua. Lugha mbili, mashine moja, na kati yake uzi mwembamba wa kanuni za Unix.

Mwito wenyewe ni mfupi. Msimbo hulianzisha Java, huliambia lisifungue dirisha lolote la picha, hulitajia mahali ilipo Validate na mahali lilipo faili jipya, kisha huweka ukomo wa muda. Maagizo ya kutofungua dirisha si urembo. Validate ina uso wake wa kubofya, na kwenye seva isiyo na skrini programu ya Java ikijaribu kugusa mambo ya skrini huweza kuanguka kabla haijasoma hata mstari mmoja wa fomu. Kwenye kompyuta ya msanidi, yenye skrini, hitilafu hiyo haionekani kamwe.

Kinachorudi ni vitu vinne: namba ya kumalizia, taarifa kama muda ulikwisha, maneno ya njia ya matokeo na maneno ya njia ya malalamiko. Kutokana na hivyo vinne msimbo huchagua la kufanya. Muda ukikwisha, mtumiaji hupewa onyo kwamba uhakiki haukukamilika, fomu haikataliwi. Namba ikiwa si sufuri, fomu hukataliwa na malalamiko yanaonyeshwa. Namba ikiwa sufuri lakini malalamiko yapo, yanakuwa maonyo tu. Hapa ndipo penye kazi halisi ya mtu wa majaribio, kwa sababu uamuzi huo ni wa pyxform na si wa Validate. Unaweza kujaribiwa bila Java yoyote: kiigizi kinarudisha namba 1 na sentensi ya malalamiko, na jaribio linadai fomu ikataliwe. Ukomo wa muda nao ulikuwa na shida yake ya kihistoria. Sehemu ya Python ya kuanzisha programu za nje haikuwa na ukomo wa muda hadi toleo la 3.3 la mwaka 2012, na pyxform ilikuwa bado inatumika kwenye Python 2, kwa hiyo ililazimika kubeba kazi ya namna hiyo iliyoandikwa ndani yake yenyewe.

Viigizi vilionyesha thamani yake pia katika swali la toleo la Java. Kulikuwa na wakati ambapo pyxform iliuliza kwanza ni Java gani imewekwa, ikataka ya 8 au zaidi. Jibu la swali hilo ni la ajabu kidogo: Java hulitoa kwenye njia ya malalamiko ingawa hakuna lililoharibika. Kisha namna ya kuandika toleo ilibadilika, Java 8 ikijiita 1.8 na zilizofuata zikijiita 9, 10, 11. Hakuna msanidi anayetaka kuweka matoleo matano ya Java kwenye mashine moja ili ajaribu mistari kumi ya msimbo. Alichofanya mwenye jaribio ni kuchukua maneno yaliyotolewa na kila toleo na kuyaweka mdomoni mwa kiigizi. Tofauti na kiigizi cha kubuni, hiki kilisema maneno yaliyowahi kutamkwa na chombo halisi, na kwa maoni ya wengi waliowahi kuchomwa na viigizi, hiyo ndiyo aina pekee inayofaa kuaminiwa.

Sehemu kubwa ya majaribio, hata hivyo, haikuhusu mwito. Ilihusu faili linaloandaliwa. Njia ya mwanzo ilikuwa ya faili la kielelezo: lahajedwali halisi la Excel liliwekwa kwenye folda ya mifano, na XML iliyokubalika ikawekwa kwenye folda ya matokeo yanayotarajiwa. Jaribio liligeuza la kwanza na kulilinganisha na la pili. Ni kuingiza mara mbili kwa makarani, isipokuwa karani wa pili aliingiza mara moja tu, miaka iliyopita, na kazi yake ikahifadhiwa. Njia hii ni ya haraka kuanzisha na inakamata mengi. Ila ina tabia ya kulalamika bila sababu. Sifa mbili ndani ya tagi zikibadilishana nafasi, XML ina maana ileile lakini maandishi hayafanani, ndiyo maana ulinganishaji wa herufi kwa herufi uliachwa na kutumika ulinganishaji unaoielewa XML.

Kubwa zaidi ni kwamba lahajedwali la Excel ni faili la mashine. Anayesoma jaribio haoni kilichomo bila kulifungua, na mabadiliko yake hayaonekani katika historia ya msimbo. Miaka ilivyokwenda, pyxform iliacha kuongeza mifano ya namna hiyo na kuanza kuandika lahajedwali ndani ya jaribio lenyewe kama jedwali la maandishi, safu zikitenganishwa kwa mistari ya wima. Chini yake huandikwa madai machache: mahali fulani katika XML pawe na swali hili, sharti hili, lugha hii. Madai mengine hayaguswi. Anayetaka kupima kwamba sharti la umri wa mtoto kwa miezi, kuanzia 0 hadi 59, linafika salama kwenye XForm huandika safu tatu au nne na dai moja. Jaribio likifeli, sababu yake inaonekana hapo hapo.

Katika mpangilio huo mpya, uamuzi mmoja ulipita kimya ingawa ndio wenye uzito kuliko yote: Validate haiitwi katika majaribio mengi. Anayeihitaji huomba waziwazi. Kuanzisha Java kwa kila jaribio, kwa mamia ya majaribio, kungegeuza kazi ya sekunde kuwa ya dakika nyingi, na majaribio yanayochelewa huachwa kuendeshwa. Kwa hiyo yapo majaribio mengi yasiyoiita na machache yanayoiita, na hayo machache ndiyo yanayothibitisha kwamba mwamuzi bado anazungumza lugha inayotarajiwa. Chombo chenyewe kimefungwa ndani ya pyxform, toleo maalumu, badala ya kutegemea lolote litakalokutwa kwenye mashine. Msanidi akilibadilisha, anajua siku aliyolibadilisha. Wengi wanaoita ImageMagick au LibreOffice ya seva hawana bahati hiyo, na toleo jipya huwajia usiku pamoja na masasisho ya mfumo.

Yapo makosa ambayo hakuna kiigizi kingeyafichua, kwa kuwa yalitokana na tabia za mafaili halisi. Mashuhuri ni lile la namba nzima. Katika mafaili ya Excel ya zamani kila namba husomwa kama desimali. Aliyeandika 1 kwenye orodha ya majibu, maktaba ya kusomea mafaili humrudishia 1.0. Fomu ingekubalika, Validate ingenyamaza, na jibu la mama wa Lubutu aliyechagua chaguo la kwanza lingehifadhiwa kwa msimbo usiofanana na ule ulio kwenye kitabu cha takwimu. pyxform ililazimika kuwa na kazi maalumu ya kuangalia kama desimali ni nzima na kuiandika bila nukta. Katika nchi zenye mazoea ya Kifaransa pana tatizo la jirani: koma ndiyo alama ya desimali, na nukta ya kompyuta ya Marekani ikikutana na koma ya lahajedwali la Kinshasa, moja lazima isomwe vibaya isipokuwa msimbo umeandaliwa.

Herufi nazo zilidai haki yake. Kiswahili cha kawaida kinaandikika kwa herufi ishirini na sita bila alama juu, lakini fomu za Maniema huchanganya Kiswahili na Kifaransa, na Kifaransa kina é na ç. Zikibaki ndani ya faili hazisumbui. Husumbua zinapotokea mahali pasipotarajiwa: kwenye jina la faili linalopelekwa kwa chombo cha nje, au ndani ya ujumbe wa kosa unaorudi kutoka kwa Java. Python 2 ilikuwa inaanguka kwa urahisi mahali hapo, na mtumiaji badala ya kuona kosa la fomu yake aliona kosa la Python. Miongoni mwa majaribio ya pyxform limo moja linalohusu jambo hilo hilo, ujumbe wa kukataliwa wenye herufi zisizo za Kiingereza. Majina ya mafaili yenye nafasi katikati ni ndugu wa tatizo hilo, na dawa yake inajulikana tangu enzi za Unix: kupeleka maagizo kwa chombo kama orodha ya vipande, si kama sentensi moja inayoachiwa mfumo uikate utakavyo.

Ujumbe wa kosa wenyewe ulistahili kugeuzwa. Validate hulitaja swali kwa njia yake ndefu ndani ya XML, ikianzia kwenye mzizi na kupita kila kundi. Aliyeandika lahajedwali hajawahi kuiona XML hiyo. Kwa hiyo pyxform husafisha malalamiko: hufuta mistari inayojirudia, huondoa mabaki ya Java na kuiweka njia ndefu katika umbo la jina la swali jinsi lilivyo kwenye lahajedwali. Ni ugeuzaji mwingine juu ya ugeuzaji, na ndio ulio rahisi kujaribiwa kuliko yote, kwani unaanza na maandishi na kuishia na maandishi. Unaweza pia kusemwa kuwa ndio unaomfaa zaidi mtumiaji, hasa yule asiye na msanidi wa kumpigia simu.

Mwezi Desemba mwaka 2020 ulileta mtihani wa aina nyingine. Maktaba ya xlrd, ambayo miradi mingi ya Python iliitegemea kusoma Excel, ilitoa toleo la 2.0 na kuacha kusoma mafaili mapya ya xlsx, ikibaki na xls ya zamani pekee. Programu zisizofunga toleo la maktaba zilikatika siku hiyo hiyo. pyxform ilihamia openpyxl kwa ajili ya xlsx. Majaribio yenye majedwali ya maandishi hayakuwa na la kusema kuhusu uhamaji huo, maana hayakugusa Excel kabisa. Yaliyosaidia ni yale ya zamani yenye mafaili halisi kwenye folda ya mifano, yale yaliyokuwa yakidharauliwa kwa uzito wake. Fani haikuhama kutoka njia mbaya kwenda njia nzuri. Ilijifunza kwamba kila njia inaona upande mmoja, na mradi unaotupa moja kwa ajili ya nyingine hujipofusha jicho.

Kufikia katikati ya miaka ya 2010 wizara ya afya ya Kongo ilikuwa imeanza kuhamishia taarifa za kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo uliokulia Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao Kenya ilikuwa imeshautumia nchi nzima kupitia intaneti tangu mwaka 2011. Takwimu za utafiti zinazokusanywa kwa Kobo au ODK mara nyingi zinatakiwa kugeuzwa tena ili ziingie huko, safari hii na vijimsimbo vilivyoandikwa ofisini, na mtu mmoja, kwa haraka ya mwisho wa mwezi. Vijimsimbo hivyo kwa kawaida havina majaribio. Havina mwamuzi wa nje pia, kwa sababu DHIS2 huweza kupokea namba iliyo katika umbo sahihi, hata ikiwa imewekwa kwenye kituo kisicho chake.

Kwa msimbo wa aina hiyo, kiwango cha chini kinachokubalika leo kinatoshea katika ukurasa mmoja. Uamuzi utenganishwe na mwito, ili uweze kupimwa kwa viigizi vyenye maneno halisi ya chombo. Mafaili machache ya kweli yahifadhiwe, yakiwemo yenye é kwenye jina na 1 kwenye orodha. Chombo cha nje kiitwe kweli angalau katika jaribio moja, na toleo lake lifungwe. Chombo kikikosekana, jaribio liseme limerukwa kwa sababu gani, lisijifanye limefaulu. Faili la matokeo lifunguliwe na kusomwa, kwa sababu chombo kinaweza kuacha sufuri na faili tupu kwa wakati mmoja. Mengi ya hayo yamo ndani ya msimbo wa pyxform, ambao uko wazi kwa yeyote kuusoma, na sehemu nzuri ya mistari yake iliandikwa Nairobi.